Nani alipika hiyo Windows ya shule yenu?

Wasee, swali moja tu. Kompyuta unayotumia kwa maabara ya shule, kwa saiba ya mtaa ama kwa maktaba ya kaunti, nani aliiwekea mfumo? Simaanishi kampuni iliyoandika Windows. Namaanisha yule mtu aliyekuja na flashi mfukoni, akashinda hapo mchana mmoja, akaacha kompyuta zote zinafanana mpaka picha ya kwa skrini. Kilichokuwa kwa hiyo flashi alikitoa wapi? Aliongeza nini? Alizima nini?

Mara nyingi hakuna anayejua. Mwalimu hajui, mwenye saiba hajui, na ukimuuliza fundi mwenyewe atakwambia alipewa na fundi mwingine. Mimi msimamo wangu ni huu: shule, saiba ama kituo chochote cha vijana chenye kompyuta zaidi ya tano kinafaa kuwa na imeji yake, iliyopikwa na watu wake, kwa programu halali, na kila kilichomo kiandikwe kwa karatasi. Na watu wa kuifanya hii kazi ni sisi, juu si ngumu vile tumeaminishwa.

Tuelewane kwanza kwa jina. Imeji ni nakala nzima ya mfumo: Windows ama Linux yenyewe, programu zote ulizoweka, mipangilio, fonti, kila kitu, vimefungwa pamoja tayari kuhamishwa. Unatengeneza kompyuta moja vizuri, unachukua nakala yake, halafu unaimwaga kwa zile zingine. Fikiria fundi wa sare za shule. Hakisii kila shati upya. Anakata patani moja ya karatasi, akiridhika nayo anakata mashati mia. Imeji ndiyo hiyo patani.

Wazo lenyewe ni la kitambo. Katikati ya miaka ya 1990 kuna programu ilitoka New Zealand ikiitwa Ghost, na Symantec ikainunua 1998. Leo kuna Clonezilla, ya bure kabisa, iliyotengenezwa Taiwan kwenye kituo cha taifa cha kompyuta kubwa. Kwa hivyo usidhani naongea kuhusu teknolojia ya watu wa Silicon Valley. Hii ni kazi ambayo mwanafunzi wa Form Three mwenye subira anaweza kuifanya Jumamosi moja.

Sasa piga hesabu na mimi. Chukua maabara ya kompyuta 30. Ukiweka mfumo moja baada ya nyingine, ukaongeza programu za ofisi, drayva na apdeti, tuseme kila moja inakula masaa mawili. Hayo ni masaa 60. Na kama kila moja itapakua apdeti za GB 3, hizo ni GB 90. Bando ya nani hiyo? Ukiwa na imeji unapakua mara moja tu, kwa ile kompyuta ya kwanza. Zingine 29 zinapata kila kitu kupitia diski ya nje, ama kupitia kebo na swichi ya hapo hapo ndani, bila intaneti. Clonezilla haikopi hata nafasi tupu: diski ikiwa ya GB 500 na umetumia GB 20, inachukua zile 20 tu na kuzibana. Ukiipanga kwa mtandao wa ndani, inaweza kumwagia kompyuta nyingi kwa wakati mmoja. Kwa shule ambayo intaneti ni ile ya simu ya mwalimu, hiyo ni tofauti kati ya maabara inayofanya kazi na chumba cha kuhifadhi monita.

Hapo kila mtu atakubaliana na mimi. Mambo yanaanza kuwa noma tukifika kwa tabia moja ya imeji: haichagui. Inakopi uzuri, na inakopi uchafu vile vile. Ukipika vizuri, umepika vizuri mara 30. Ukipika na sumu, umewalisha wote.

Na ile Windows ya soo tano huwa na nini? Kwanza ina krak, kwa sababu hakuna leseni. Krak nyingi hukuomba uzime antivairasi ndiyo ifanye kazi. Apdeti nazo huzimwa, eti zisije zikaharibu krak. Yaani umechukua nyumba, ukang'oa mlango, ukafukuza askari, halafu ukajenga nyumba 29 zingine zinazofanana nayo. Mwaka wa 2021 watafiti wa kampuni ya usalama ya Red Canary walieleza vile krak feki ya KMSPico ilikuwa imebeba programu ya wizi iitwayo Cryptbot, ambayo kazi yake ni kuokota nywila zilizohifadhiwa kwa kivinjari na pochi za pesa za kidijitali. Krak ilikuwa ikifanya kazi yake vizuri tu. Windows ilikubali, mtu akafurahi, na huku nyuma vitu vyake vinabebwa.

Fikiria sasa ni nani huketi kwa hizo kompyuta. Ni msee amemaliza Form Four, ameenda saiba kuchagua kozi kwa KUCCPS. Ni dada yako anajaza fomu ya HELB. Ni mathe amekuja na karatasi ya namba ya kitambulisho, anaomba afunguliwe eCitizen. Wote wanaandika nywila zao kwa mashine ambayo hakuna mtu hapo ndani anaweza kukwambia iko na nini. Tukisema mambo ya usalama wa kompyuta watu hufikiria benki. Mimi nafikiria huyu mathe.

Kuhusu kuzima apdeti, tuna mfano ambao dunia nzima iliuona. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu fulani kwa Windows. Mei mwaka huo huo virusi vya WannaCry vikapita kwa tundu hilo hilo, vikafunga mafaili ya watu kwa nchi nyingi, mpaka hospitali za Uingereza zikaahirisha wagonjwa. Waliokuwa wameweka kiraka walipona. Wasiokuwa nacho ndio walilia. Na virusi vya aina hiyo hutembea vyenyewe kwa mtandao wa ndani, kutoka mashine hadi mashine. Maabara yenye kompyuta 30 zenye tundu moja ni sherehe kwake.

Nisieleweke vibaya. Simpigi vita fundi. Amelipwa soo tano, ameambiwa kompyuta ziwe tayari kesho, na hakuna aliyemuuliza kitu kingine. Tatizo ni sisi wengine ambao tumeridhika kutojua. Ukinunua smokie kwa barabara unaangalia kama jamaa ameosha mikono. Kompyuta itakayoshika nywila ya shule nzima hatuangalii.

Sababu ya kuandika hii sasa na si mwaka kesho ni kwamba tumefika njia panda. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa apdeti za kawaida za Windows 10. Kuna mpango wa kuongezewa muda, lakini ni wa muda tu. Windows 11 nayo inataka chipu ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, kwa sehemu kubwa inataka prosesa za kizazi cha 8 kuendelea. Kizazi hicho kilitoka 2017. Sasa angalia zile kompyuta za mezani zilizoletwa shuleni kwenu kama msaada baada ya kutumika ng'ambo. Nyingi ni za kabla ya hapo. Ziko sawa, zinawaka, zinaandika, lakini kwa Windows 11 zimefungiwa lango.

Kwa hivyo kila shule yenye mashine kama hizo itachagua, itake isitake. Itanunua mpya, na pesa hizo unajua kama zipo. Itaendelea na Windows 10 isiyolindwa. Itaita fundi alazimishe Windows 11 kwa ujanja, turudi kule kule kwa flashi. Ama itapika imeji yake ya Linux, ambayo kwa mashine yenye RAM ya GB 4 inatembea bila kuhema.

Mimi nachagua hiyo ya mwisho, na si kwa sababu ya ushabiki. Kuna watu wamefanya.

Jimbo la Kerala, kule India, liliamua kitambo kwamba shule zake za umma zitatumia programu huru. Lina shirika lake la serikali, linaitwa KITE, ambalo hutengeneza toleo lao la Linux lililojengwa juu ya Ubuntu, lenye lugha yao ya Kimalayalam na programu za masomo ndani. Mwaka wa 2019 walitangaza toleo jipya kwa kompyuta zaidi ya laki 2 za shule, na kwa makadirio yao wenyewe walikuwa wameepuka kulipa rupia bilioni 30 za leseni. Hata kama utayapunguza hayo makadirio nusu, bado ni pesa ya kununua kompyuta, projekta na sola.

Kabla yao, mwaka wa 2002, jimbo la Extremadura, mojawapo ya sehemu maskini za Hispania, lilipika mfumo wake ukaitwa LinEx na kuumwaga mashuleni. Kilichonifurahisha ni kwamba walibadilisha hadi majina ya programu. Ile ya kuchora waliipa jina la Zurbarán, mchoraji mkubwa aliyezaliwa huko kwao 1598. Mtoto akifungua kompyuta anakutana na watu wa kwao. Hebu fikiria sisi tukifanya hivyo. Programu ya kuandikia insha ingeitwa Walibora, na kila aliyesoma Siku Njema angeelewa bila kuelezwa.

Na tusidanganyane kwamba Kiswahili hakiwezi. Mwaka wa 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. 2004! Wengi wenu mnaosoma hii hamkuwa mmezaliwa. Zaidi ya miaka 20 baadaye unaingia maabara ya Kenya na kila kitu bado ni Kiingereza, kwa sababu aliyepika alichukua kile kilichokuwa kwa flashi. Hapa ndipo utaona imeji si mambo ya kiufundi peke yake. Anayeipika anaamua mtoto atakutana na lugha gani, ukurasa gani utafunguka kwanza, michezo gani iko, na kama akikosa intaneti kompyuta itakuwa na faida ama itakuwa sanduku.

Juu hata intaneti ikikosa kuna mengi ya kuweka. Kiwix inakuwezesha kubeba Wikipedia ndani ya diski, ya Kiswahili ikiwemo. Kolibri inabeba masomo na video, na kompyuta moja inaweza kuwagawia wengine wote kwa mtandao wa ndani. Scratch ya kujifunza programu, LibreOffice ya kazi za ofisi, GCompris ya watoto wadogo. Vyote ni vya bure, na vyote vinaingia kwa imeji moja.

Kwa wale watakaojaribu, form iko hivi. Anza na mashine safi kabisa. Usichukue nakala ya kompyuta ambayo mtu amekuwa akitumia, kwa sababu utasambaza nywila zake, historia yake na picha zake kwa kila meza. Pakua mfumo kutoka kwa tovuti ya wenyewe, Linux Mint ama Xubuntu kwa mfano, halafu linganisha alama yake ya SHA256 na ile iliyoandikwa hapo, ndiyo ujue hakuna mtu ameugusa katikati. Weka programu zako. Weka apdeti zote, na uache za usalama ziwe zinaingia zenyewe. Tengeneza akaunti ya mwanafunzi isiyo na mamlaka ya kubadilisha mfumo, na ya msimamizi tofauti.

Kabla hujachukua nakala, futa vitambulisho vya ile mashine. Kwa Linux kuna faili inayoitwa machine-id, unaiacha tupu, na funguo za SSH unazifuta ili kila kompyuta itengeneze zake. Ukisahau, mashine 30 zitajitambulisha kwa jina moja, na zinaweza hata kupigania anwani moja kwa mtandao. Kwa Windows kazi hiyo hufanywa na Sysprep, ambayo imo ndani ya Windows yenyewe. Lakini kwa Windows angalia leseni pia: ile iliyokuja na kompyuta haikupi tu ruhusa ya kusambaza imeji uliyopika. Microsoft inataka taasisi iwe na leseni ya jumla.

Ukimaliza, jaribu imeji kwa mashine mbili za aina tofauti kabla ya kuimwaga kwa zote. Halafu andika mapishi: mfumo gani, toleo gani, programu zipi, tarehe gani, nani alifanya. Ukurasa mmoja unatosha. Ubandike ukutani kwa maabara. Hiyo karatasi kwangu ina thamani kuliko imeji yenyewe, kwa sababu fundi akihama, mwingine anaendelea.

Najua mtanirushia nini. La kwanza, eti soko la kazi linataka Windows. Kweli, ofisi nyingi ziko huko. Lakini mtu aliyejua kuandika barua, kupanga jedwali na kutumia fomula hapotei akibadilishiwa menyu. Na msee anayeweza kumwambia mwajiri kwamba ametengeneza imeji na kuimwaga kwa kompyuta 30 ana kitu cha kuonyesha, tofauti na yule ameandika tu kwamba anajua Word.

La pili ni KCSE. Karatasi ya vitendo ya Somo la Kompyuta inahitaji lahajedwali, hifadhidata na uchapishaji, na walimu wengi wamezoea Excel, Access na Publisher. Hili ni la haki, na sisemi mwanafunzi atolewe kafara. Wekeni mashine chache zenye Windows na Office za leseni halali kwa watahiniwa, zile zingine zitumikie shule nzima. Lakini pia jueni Microsoft imetangaza kwamba mwisho wa Publisher ni Oktoba 2026. Hata hiyo njia mliyoizoea inahama.

La tatu ndilo zito zaidi kwangu: imeji bila watu huoza. Ile LinEx ya Extremadura niliyoisifu, serikali ya jimbo baadaye iliacha kuiendeleza. Imeji ya leo, isipopikwa upya, baada ya mwaka mmoja ina matundu yake. Kwa hivyo hii kazi haiwezi kuwa ya mtu mmoja shujaa. Inafaa iwe ya klabu, ya kila muhula: wakubwa wanapika, wadogo wanaangalia, mwaka unaofuata wanapokezana. Kerala bado wako, kwa sababu waliweka watu na wakafundisha walimu.

Kwa hivyo Jumatatu ukiingia maabara, uliza kwa heshima: Mwalimu, hizi kompyuta nani aliziwekea mfumo, na kuna mahali pameandikwa kilichomo? Kama jibu lipo, mwambie asante na uombe kuiona. Kama halipo, omba mashine moja, flashi moja na Jumamosi moja. Wakikubali, mkimaliza nitumieni ile karatasi ya mapishi. Nitaiweka hapa na jina la klabu yenu juu, shule zingine zikopi.